RUHUSA NA KATAZO KATIKA LUGHA YA KIINGEREZA

Maneno haya yalisemwa na mwanachama mmoja, mfanya kazi wa reli, mbele ya mkutano wa tawi Jumamosi iliyopita. Wengi waliomba yaandikwe, nasi twayachapa kama alivyoyasema.



Bwana Katibu aliponijia kuniambia niwafundishe Kiingereza kidogo, nilicheka. Nikamwambia, mimi si mwalimu. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, na Kiingereza nilichotoka nacho huko kilikuwa cha kuimba zaidi kuliko cha kusema. Akanijibu: "Ndiyo sababu twakutaka wewe. Mwalimu hajaumizwa na Kiingereza. Wewe umeumizwa." Basi nikakubali, maana neno hilo ni kweli, na leo nitawaeleza nilivyoumizwa, na jinsi nilivyomwumiza mtu mwingine.

Sitasema habari za Kiingereza chote. Nataka tutazame maneno ya kumpa mtu ruhusa na maneno ya kumkataza. Ni maneno madogo sana, na hesabu yake haifiki kumi. Lakini tazama tangazo lo lote ukutani, au barua ya kuandikwa kazi, au barua ya onyo, au sheria za nchi, utayakuta yamejaa. Neno refu la Kiingereza halina hatari, kwa sababu ukiliona hulijui utamwuliza mwenzako. Neno dogo ndilo linalotudanganya, kwa kuwa twadhani twalijua.

Nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na miwili niliandikwa kazi mahali fulani ambapo sitapataja, kazi ya kupanga mabehewa katika yadi, ile tunayoiita shantingi. Asubuhi moja mnyapara aliniambia tusogeze mabehewa matatu ili njia ipate nafasi, kisha akaenda zake ofisini. Behewa la mwisho lilikuwa limefungwa kadi, nayo imeandikwa kwa mkono: "This wagon must not be moved." Nikasimama nikaisoma. Kati ya wenzangu mimi ndiye niliyesifiwa kwa kusoma. Nikafanya hesabu kichwani kama tulivyofundishwa: "must" ni lazima, "not" ni si, basi "must not" ni si lazima. Si lazima behewa hili lisogezwe. Nikaona kwamba jambo lisilo la lazima si jambo baya, na mnyapara mwenyewe ameagiza. Nikampa dereva ishara.

Chini ya behewa lile alikuwamo fundi wa breki. Bendera nyekundu ambayo ingewekwa haikuwapo siku hiyo, ilikuwapo kadi tu. Aliposikia chuma kinalia alijitupa nje, lakini mkono wa kushoto ulichelewa. Akapoteza vidole viwili. Yu hai hata leo, na siku nyingine za Jumapili hupita kwangu tukanywa chai. Hajapata kunilaumu kwa neno hata moja, na jambo hilo ni zito kwangu kuliko lawama.

Sasa sikilizeni kosa lilikuwa wapi. "Must" ni lazima, hapo sikukosea. Nilikosea mahali pa "not". Katika Kiswahili, ukisema "si lazima", ile "si" inaishika lazima yenyewe na kuiondoa. Lazima imekwisha, mtu yu huru, akitaka atafanya na asipotaka ataacha. Katika Kiingereza "not" hiyo haigusi lazima hata kidogo. Inashika tendo. Lazima imebaki palepale na uzito wake wote, nayo ni lazima ya kutofanya. Kadi ile ilisema: ni lazima behewa hili lisisogezwe. Ama kwa ufupi wetu wa kila siku: lisisogezwe, ni marufuku.

Nawaomba mwandike hivyo katika daftari zenu, na asiye na daftari aandike kiganjani. "Must not" ni marufuku.

Na "si lazima" yetu Waingereza wanaitaje? Wao husema "need not", au "do not have to". Hapa pia pana mtego, lakini umetegwa upande wa pili. Mahali pengine nilipofanya kazi palibandikwa tangazo kwamba kutakuwa na mkutano juu ya nyumba za wafanya kazi, na chini yake mstari huu: "Night staff need not attend." Mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku akaona "not", akawaambia wenzake wote, "Tumekatazwa kufika." Wakaenda kulala. Mkutano ukafanyika, nyumba zikagawanywa, na watu wa usiku hawakuwa na mtu wa kusema neno lao. Kumbe hawakukatazwa. Waliambiwa tu kwamba asiyefika hatahesabiwa kosa, na anayetaka aje. Mimi sina hakika kama aliyeandika hakuwa na hila, maana angaliweza kuandika "are welcome". Lakini hila au si hila, walioisoma vibaya ni sisi.

Narudi kwa habari yangu. Baada ya ajali niliitwa mbele ya afisa, naye alikuwa na karani wa kuandika. Mambo yote yakasemwa kwa Kiingereza. Nami kwa kiburi cha ujana nilipoulizwa kama najua Kiingereza nilisema najua.

Akaniuliza: "Did nobody stop you?" Maana yake, je, hakuna mtu aliyekuzuia? Nami nikajibu kama Mswahili ye yote angejibu: "Yes." Kwa Kiswahili ni jibu safi kabisa. Ndiyo, ni kama ulivyosema, hakuna aliyenizuia. Lakini Kiingereza hakiendi hivyo. Mwingereza haangalii kama unakubaliana na swali lake, huangalia jambo lenyewe lilikuwapo au halikuwapo. Kama hakuna mtu aliyekuzuia, jibu ni "No". Ukisema "Yes", umesema yuko aliyekuzuia. Basi karani akaandika kwamba nilizuiwa nami nikakaidi. Niliona kalamu ikienda, nikafurahi kwamba maneno yangu yanaandikwa.

Kisha akasema: "You may call a witness." Ndugu zangu, "may" hii! Neno hili lina sura mbili. Sura ya kwanza ni huenda. "It may rain", huenda mvua ikanyesha. Sura ya pili ni ruhusa. "You may come in", una ruhusa ya kuingia. Mimi nilijua sura moja tu, ile ya mvua. Nikaelewa kwamba huenda shahidi ataitwa, nikakaa kimya kungoja waone wenyewe kama watamwita. Na wenzangu wawili waliomsikia mnyapara akiniagiza walikuwa nje chini ya mti, wako tayari kabisa. Afisa akangoja kidogo, akaniona nimetulia kama maji ya mtungi, akafunga faili. Mwisho akasema, "You may go now." Hiyo nilielewa, kwa sababu alinyosha kidole mlangoni.

Nikaachishwa kazi. Nilikaa miezi saba nyumbani.

Sitaki mseme kwamba nalaumu lugha peke yake. Kosa la kwanza ni langu, la kujifanya najua. Lakini nataka mwone kwamba maneno matatu, "must not", "yes" na "may", hayazidi herufi kumi na tano yote pamoja, nayo yalimkata mtu vidole na kunikata mimi mshahara.

Mtajuaje basi kama "may" ni ya mvua au ni ya ruhusa? Mtazame ni nani au ni nini kinachotajwa. Kikiwa kitu kisichoomba ruhusa ya mtu, ni huenda. "Trains may pass at any time" haina maana kwamba treni zimeruhusiwa kupita. Maana yake treni yaweza kutokea wakati wo wote, toka relini! Akitajwa mtu, tena na mwenye mamlaka juu yake, mara nyingi ni ruhusa. Na ikiandikwa "may not" juu ya watu katika masharti, ni katazo. "Staff may not leave before five" haisemi huenda wasiondoke. Inasema hawana ruhusa kuondoka kabla ya saa kumi na moja.

Neno jingine ni "can". Shuleni tuliambiwa ni uwezo, nguvu za mtu. Ni kweli, lakini siku hizi watu wengi hulitumia kwa ruhusa pia. Nilimwona mzee mmoja getini akaambiwa na askari kijana, "You can't smoke here." Mzee akaudhika, akasema, "I can! Thirty years!" akatoa kiberiti amwonyeshe. Tulicheka sana, lakini mzee alifikiri amedharauliwa kwamba hana mapafu.

Sasa tuje kwa neno la sheria, nalo ni "shall". Misheni walitufundisha kwamba "I shall go" ni nitakwenda, jambo la wakati ujao. Kwa hiyo mtu akisoma mlangoni "No person shall enter without boots", atasema: hakuna mtu atakayeingia bila viatu. Kama kwamba mwandishi ni nabii. La. Katika sheria na masharti, "shall" ni amri. "Shall" ni lazima, na "shall not" ni marufuku. "No person shall" ni marufuku kwa kila mtu. Na mkiona mbele yake "unless", "except" au "without", simameni hapo, maana ruhusa imefichwa nyuma ya neno hilo. "No person shall enter without a permit" ni katazo lililobeba ruhusa mgongoni: mwenye kibali anaingia.

Kwa nini nayapigia kelele haya? Kwa sababu kati ya "may" na "shall" ndimo haki zetu zinamokaa. Mahali palipoandikwa mwajiri "may", yeye ana hiari, akitaka afanye na asipotaka aache. Palipoandikwa mwajiri "shall", hana hiari, na tunaweza kumdai. Chukueni Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 28 chasema juu ya likizo kwa "shall": baada ya kila miezi kumi na miwili mfululizo ya kazi, mfanya kazi ana haki ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mshahara kamili. Likizo hiyo si zawadi ya Krismasi. Kifungu cha 19 chatumia "may" kumpa mwajiri ruhusa ya kukata mshahara kwa mambo yaliyotajwa, lakini kisha chaleta "shall not": makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Ruhusa imetolewa, halafu ikafungwa kamba.

Na hii "may" yaweza kuwa yetu pia. Wazee wetu walipogoma Mombasa mwezi wa Januari 1947, hawakuwa na mstari wa katiba wa kuwalinda. Leo kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 chasema kila mfanya kazi ana haki ya kugoma. Lakini nimesikia vijana wakisoma Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 76, "A person may participate in a strike", wakafunga kitabu na kuanza kuimba. Ndugu, fungueni tena! Baada ya maneno hayo pana "if". Ugomvi uwe wa masharti ya kazi au wa kutambuliwa chama. Uwe umepelekwa kwa usuluhishi ukashindikana. Na ilani ya siku saba iwe imetolewa kwa maandishi kwa upande wa pili na kwa Waziri. "May" yenye "if" ni mlango wenye kufuli, na funguo zake ni hizo. Mwenye kuruka dirishani asishangae akifukuzwa.

Sasa jambo ambalo lingenisaidia siku ile kama ningelijua. Kifungu cha 41 cha hiyo Sheria ya Ajira chasema hivi: kabla mwajiri hajamwachisha mtu kazi kwa sababu ya mwenendo mbaya, au kazi hafifu, au udhaifu wa mwili, lazima amweleze sababu kwa lugha ambayo mtu huyo anaielewa, na mtu huyo ana haki ya kuwa na mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama kazini, amchague mwenyewe, awepo pamoja naye wakati wa maelezo. Lazima, ndiyo "shall" yetu. Na kifungu cha 9 chasema kwamba asiyejua kusoma, au asiyeelewa lugha ya mkataba, mwajiri lazima aupatie mkataba huo maelezo kwa lugha ambayo mtu huyo anaielewa. Sheria hiyo ilikuwapo tayari siku nilipohojiwa. Ilikuwapo kabatini, nami nilikuwa kwenye kiti nikisema "Yes".

Babu zetu baada ya Vita Kuu ya Kwanza walivishwa kipande shingoni, na ruhusa ya mtu kuacha kazi iliandikwa na bwana wake katika karatasi hiyo, ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma. Sisi hatuna kipande shingoni. Lakini mtu atiaye sahihi asichokielewa amejivika mwenyewe. Na kuomba kuelezwa kwa Kiswahili si kuomba sadaka, kwa maana Katiba, kifungu cha 7, imeweka Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Mnisamehe nimekuwa mrefu. Nimalizie na namna ya kuomba ruhusa, maana hapo twagombana na wakubwa bila sababu. Sisi tuna hodi yetu. Mtu husimama mlangoni akabisha, hodi, hodi, na asipoitikiwa karibu haingii. Hakuna mtoto wa Mswahili asiyejua heshima hiyo. Lakini tukiingia katika Kiingereza twaiacha nje. Twasema, "I want to go to hospital." Kwetu "nataka" yaweza kusemwa kwa upole, ila masikioni mwa Mwingereza hiyo ni kama kupiga mlango teke. Hodi ya Kiingereza ni "May I". "May I go to the hospital, please?" Na jibu la karibu ni "Yes, you may", au "Yes, of course".

Na mjihadhari na hodi moja iliyopinduka, nayo ni "Do you mind if". Msimamizi mmoja alimwuliza mwenzetu, "Do you mind if I change your shift?" Mwenzetu kwa adabu akajibu, "Yes, sir." Alitaka kusema sawa, bwana. Lakini "do you mind" ni kuuliza, je, utaona vibaya? Naye kwa "Yes" amejibu kwamba ataona vibaya sana. Msimamizi akakunja uso, akaandika kwamba mtu huyu amekataa zamu. Hapo anayekubali husema "No", na anayekataa ndiye husema "Yes". Mkiona taabu, acheni "Yes" na "No" zote mbili, mseme tu, "It is all right, sir."

Na kuna sentensi moja nataka kila mtu aishike kwa moyo kabla hatujaondoka hapa. Tuseme pamoja. "Please explain this in Kiswahili before I sign." Tena. Na huyo ndugu wa nyuma anayecheka, aseme peke yake. Vizuri.

Bwana Mwenyekiti ametupa ofisi ya tawi kila Alhamisi saa kumi na moja na nusu jioni. Chaki ipo, na ubao una ufa katikati lakini unaandikika. Kila mtu anakili tangazo moja la Kiingereza kutoka mahali pake pa kazi, maneno yote kama yalivyo, alete tulisome. Yule fundi wa breki niliyewatajia amesema atakuja. Ana barua aliyopewa mwezi uliopita juu ya kuhamishiwa kazi nyepesi. Nimeiona. Ina "may" mbili na "shall" moja, na bado hajaitia sahihi. Tutaanza na hiyo.